Ni Kweli, Bwana Asifiwe

Kwa miaka sita Mama Mashuka alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, alikopiga pasi mashuka ya wagonjwa tangu asubuhi mpaka jioni, na huko ndiko alikopewa jina lake. Ya pili ilikuwa ya kusimama kando ya mumewe mbele za watu, mara tatu kwa wiki, na kusema maneno manne: ni kweli, Bwana asifiwe. Ungemuuliza ipi ilimchosha zaidi, angekujibu ya pili, ingawa hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mumewe alikuwa fundi bomba, na kila mtu alimwita Fundi. Zamani, alipokuwa akipiga maji mpaka anasahau mlango wa kwake, walimwita majina mengine, mengi yao hayaandikiki. Kisha akaokoka. Hapa hakuna mzaha: mtu aliokoka kwelikweli, akaiacha pombe siku moja na hakuionja tena. Akarudi kazini, akaleta chakula nyumbani, akaliziba hata bomba la jikoni kwake, ambalo lilikuwa likivuja tangu walipohamia pale. Majirani walimwambia Mama Mashuka kwamba ana bahati. Na mtu akishaambiwa ana bahati, hana tena pa kupeleka malalamiko yake.

Aliokokea sokoni, kwenye mkutano wa Huduma ya Mjini. Huduma hiyo ilikuwa wazo la Mchungaji, mtu mfupi mwenye mwendo wa haraka na saa kubwa mkononi, aliyesema kwamba watu wa mjini hawana nafasi ya kulifuata kanisa, basi kanisa liwafuate wao. Jumanne sokoni, Alhamisi kituo cha mabasi, Jumamosi uwanja wa hospitali. Saa sita na nusu hadi saa saba na nusu, wakati watu wanatafuna kitu na macho yao hayana kazi. Alikuwa na waimbaji wanne, mpiga kinanda mmoja, fundi mitambo mwenye spika mbili kubwa kama makabati, na watu watatu wa ushuhuda: mlevi, mwizi na mgonjwa. Wote wa zamani, bila shaka.

Kila ushuhuda ulipewa dakika saba, na kila mwenye ushuhuda alitakiwa awe na mthibitishaji. Utaratibu huu ulikuja baada ya aibu kubwa. Miaka ya nyuma walikuwa na ndugu mmoja aliyejitangaza kuwa jambazi sugu, mtu wa bunduki na mabenki, na kina mama walikuwa wakilia kweli wakimsikiliza. Siku moja muuza ndoo akainuka katikati ya ushuhuda, akasema huyu si jambazi, huyu ni karani wa shule ya msingi, ndiye aliyemwandikisha mwanangu darasa la kwanza. Soko zima lilicheka mpaka spika zikazimwa. Inavyosemekana, yule ndugu hakuwahi kuiba zaidi ya chaki. Tangu siku hiyo Mchungaji akakata shauri: hakuna ushuhuda bila mtu wa karibu kusimama kando na kuuthibitisha. Mwizi alithibitishwa na kaka yake. Mgonjwa alithibitishwa na muuguzi mstaafu. Mlevi alithibitishwa na mkewe.

Basi Fundi alisimulia, na Mama Mashuka alisimama kulia kwake, mikono ameikunja mbele, akisubiri maiki. Alisimulia jinsi alivyokunywa, alivyofukuzwa kazi, alivyolala mtaroni na mbwa, na kila alipofika kwa mbwa watu walicheka, naye akawaachia nafasi wacheke. Halafu anashusha sauti. Anasema siku moja alirudi nyumbani akakuta chakula kimepoa, akampiga mke wake kofi, na sikio la kushoto la mke wake halijasikia kitu tangu siku hiyo. Hapo Mchungaji humwashiria Mama Mashuka ageuze kichwa kidogo, watu walione sikio. Na Mama Mashuka hugeuza, ingawa sikio lililokufa ni sawa na lililo hai ukilitazama kwa nje, na watu hunyoosha shingo na kuguna kana kwamba wameona kitu. Kisha maiki inakuja kwake. Ni kweli, Bwana asifiwe. Watu wanaitikia amina, kinanda kinaingia, Mchungaji anatazama saa yake na kuwaita wanaotaka kuokoka wapite mbele.

Na wengi walipita. Hilo nalo lazima lisemwe. Walipita wanaume wenye macho mekundu, wakapita na wake wa wanaume wenye macho mekundu. Baadhi yao mpaka leo wako kanisani na nyumba zao zina amani. Ndiyo maana Mama Mashuka alijiona mwovu kila alipofika kwenye lile neno kweli na kuhisi hataki kulisema.

Kwa sababu chakula hakikuwa kimepoa. Siku ile hapakuwa na chakula cha moto wala cha baridi, maana mpishi hakuwepo nyumbani siku tatu. Alikuwa amekwenda kwao kumzika mama yake. Alikwenda peke yake, kwa kuwa mumewe alipopewa habari ya msiba alikuwa amelewa chakari. Aliitikia tu, akageukia ukutani. Mkewe aliporudi, viatu vikiwa bado na udongo wa makaburini, alimkuta kasimama mlangoni. Akaulizwa ametoka wapi. Akasema alikotoka. Akapigwa. Kesho yake Fundi aliamka, akamwona na kitambaa kichwani, akatazama pembeni, akatoka. Hakuuliza siku hiyo, wala kesho yake, wala alipookoka miaka mitano baadaye.

Chakula kilichopoa kilizaliwa mezani kwao wenyewe, wiki aliyookoka. Mchungaji alikuja kuupanga ushuhuda, akawa anamuuliza Fundi maswali kama daktari. Alipofika kwenye kofi akauliza sababu ilikuwa nini. Fundi alikuna kichwa. Akasema hakumbuki vizuri, nadhani chakula kilikuwa kimepoa. Mchungaji akasema basi weka hicho, watu wengi watajiona hapo. Mama Mashuka alikuwa amesimama karibu yao na birika la chai mkononi, kama hatua mbili kutoka kwenye kiti cha mumewe, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeinua kichwa.

Angeweza kusema palepale. Alijilaumu sana baadaye kwa kunyamaza, lakini alinyamaza kwa sababu moja ambayo kwake ilikuwa na maana: alitaka aulizwe. Kumwambia mtu jambo ambalo hajaliuliza ni kumbebesha mzigo ambao anautua mara akigeuka. Alitaka mumewe afunge mlango wa chumba chao, aketi upande wa sikio zima, na aseme, mke wangu, siku ile ilikuwaje. Akiuliza hivyo angemsamehe hata kabla hajamaliza jibu. Alikuwa amekwisha kuuandaa msamaha wenyewe, uko tayari, unangoja swali tu. Wiki zikapita, miezi ikapita, na yeye akawa anathibitisha chakula kilichopoa mara tatu kwa wiki.

Aliyemfungua macho ni Redio. Redio alikuwa mwenzake wa kukunja mashuka, mwanamke mnene mcheshi, na jina alilipata kwa halali kabisa. Mashuka ya hospitali yanakunjwa na watu wawili, kila mmoja ameshika ncha zake mbili. Mnavuta, mnakutana, mnaachana, mnakutana tena, kwa hiyo ukiwa na mwenzi mwenye mdomo huna pa kujificha. Siku moja walipokutana katikati ya shuka Redio alimwambia kwamba juzi alipita sokoni, akamkuta Fundi akitubu.

"Mumeo ameniomba msamaha mimi mara nyingi kuliko nywele nilizo nazo," alisema. "Nimesimama pale na kapu langu, ananiomba mimi. Ananiomba na muuza vitunguu. Wewe amekuomba lini?"

Mama Mashuka alisema kwamba mtu akishatubu kwa Mungu imetosha. Redio akavuta shuka kwa nguvu, akasema sawa, lakini aliyepigwa kofi hakuwa Mungu.

Neno hilo lilimkaa rohoni. Alilipiga pasi, alilikunja, alilala nalo, na asubuhi lilikuwa bado lipo.

Ikaja Jumanne moja. Mchungaji alikuwa na wageni wawili kutoka makao makuu ya kanisa, wenye suti na kamera, na huduma nzima ilikuwa imepiga pasi mpaka kola. Waimbaji waliimba kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Mwizi alilia mapema, kabla ya sehemu yake ya kulia. Fundi alipopewa maiki, Mama Mashuka alimwona akiwatupia wale wageni jicho, na akajua leo kuna chumvi itatiwa. Hakushangaa, maana alishaizoea. Yule mbwa wa mtaroni alianza akiwa mmoja, na sasa walikuwa watatu.

Fundi alikwenda vizuri. Alipofika kwenye kuokoka kwake akasimama, akafuta uso kwa leso, akasema:

"Na mama mkwe wangu, yule mama mcha Mungu, siku ile niliyookoka alinikumbatia. Akalia. Akaniambia, mwanangu, sasa naweza kufa kwa amani."

Mama Mashuka aligeuka akamtazama. Mama yake, siku Fundi alipookoka, alikuwa na miaka mitano ardhini. Na alipokuwa hai hakuwahi kumwita Fundi mwanangu. Alimwita huyo mtu wako, tangu siku ya posa mpaka siku ya kufa. Chakula kilichopoa alikuwa amekivumilia. Mbwa watatu aliwavumilia. Lakini kumfufua mama yake mbele ya muuza samaki, kumpa machozi yasiyo yake na kumkumbatisha mtu aliyemchukia, kisha kumwua tena kwa amani, hilo lilimchoma pabaya. Hasira ilimpanda polepole, kutoka tumboni, na ilipofika mdomoni maiki nayo ilikuwa imefika.

"Si kweli," alisema. Baadhi ya watu waliitikia amina kwa mazoea, kabla hawajasikia vizuri. "Mama yangu alikufa miaka mitano kabla huyu hajaokoka. Na siku aliyonipiga hapakuwa na chakula chochote. Nilikuwa nimetoka kumzika. Nilikuwa bado na udongo kwenye viatu. Miaka kumi na moja imepita, na hajaniuliza hata siku moja ilikuwaje. Ninyi amewaomba msamaha. Mimi bado."

Hata wauzaji wa nyuma, ambao huwa hawanyamazi kwa injili wala kwa mvua, waliacha kuita wateja. Fundi mitambo alikuwa ameshapeleka mkono kwenye kitufe, akamtazama Mchungaji, na Mchungaji akamkataza kwa kidole.

Fundi alimgeukia mkewe. Na hapa Mama Mashuka aliona jambo ambalo hakuna mtu mwingine pale aliyeliona, maana yeye ndiye aliyekuwa karibu. Uso wa mumewe ulikuwa uso wa mtu anayepewa habari ya msiba. Haukuwa uso wa ushuhuda. Ule aliujua wote, kila kunjo. Huu ulikuwa uso mtupu, mdomo wazi, na macho yalikuwa yakimtazama yeye, si watu. "Ulimzika siku ile..." alianza kusema, kwa sauti yake ya nyumbani. Kama angeachwa pale dakika moja tu, pengine angeendelea.

Hakuachwa. Mchungaji alikuwa mwepesi wa akili, na kazi ya jukwaani humfundisha mtu kutopoteza kitu. Alipiga hatua mbili, akamnong'oneza Fundi apige magoti, akampungia mpiga kinanda. Kinanda kikaanza taratibu. Fundi alipepesa macho, akatazama huku na huku, kisha uso wa ushuhuda ukamrudia. Akapiga magoti juu ya ganda la muhogo, akaomba maiki.

Aliomba msamaha vizuri sana. Hata mtu mwenye roho mbaya asingeweza kusema aliomba vibaya. Aliita jina la mke wake, akaomba kwa ajili ya sikio, kwa ajili ya msiba, kwa ajili ya udongo wa kwenye viatu, sauti ikikatika panapotakiwa. Magoti yake yalikuwa yameelekea kwa mkewe na uso wake umeelekea kwa watu, kwa sababu ukiipa maiki kisogo spika zinapiga kelele. Wanawake walilia. Muuza nyanya aliacha meza yake, akaja mbele akilia na mtoto mgongoni. Wale wageni wa makao makuu mmoja alikuwa anapiga picha na mwingine anafuta miwani. Mchungaji aliuchukua mkono wa Mama Mashuka, akauweka juu ya kichwa cha Fundi, akaubana pale kwa mkono wake mwenyewe.

Siku hiyo walipita mbele watu wengi kuliko Jumanne yoyote. Walipokuwa wakikunja nyaya, Mchungaji alimwendea Mama Mashuka kwa furaha isiyo na hila, akamwambia kwamba leo Mungu amemtumia kwa namna ya ajabu, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa anaona kwa muda mrefu ule ushuhuda unapungukiwa kitu. Mama Mashuka alimshukuru, akakimbilia zamu yake.

Mchana ule alikunja mashuka kama mtu anayecheza. Redio alikuwa ameshapata habari zote, na nyingine za ziada. Mama Mashuka alimwambia kuhusu ule uso wa kabla ya magoti, na kuhusu lile neno lililokatika katikati. Alisema mtu haanzi swali namna ile halafu asilimalize. Alisema yale ya sokoni ni ya sokoni, lakini leo wakifika nyumbani, ataulizwa. Redio safari hii hakuwa na mzaha wowote. Alishika ncha zake za shuka, akasema Mungu asaidie iwe hivyo.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Fundi alikuwa ametangulia. Alikuwa ameketi mezani, mikono juu ya meza, na alipomwona mkewe aliinuka, akaufunga mlango. Akavuta kiti, akakiweka upande wa kulia wa kiti cha mkewe, upande wa sikio zima, akaketi. Mama Mashuka alilitazama jambo hilo hatua kwa hatua kama mtu anayeota na anaogopa kuamka.

"Mama," Fundi alisema taratibu, "hebu nieleze siku ile ilikuwaje."

Aliketi. Machozi yalimtangulia. Akaanza tangu asubuhi ya msiba, alivyofunga nguo mbili kwenye mkoba, alivyosafiri siku nzima akiwa amesimama. Akaeleza alivyomkuta mama yake ameshafunikwa, akaomba afunuliwe uso, mashangazi wakasita, kaka yake akasema mwacheni amwone. Akaeleza jinsi uso ulivyokuwa mdogo. Fundi alimsikiliza ameinamisha kichwa, macho ameyafumba, na Mama Mashuka alifikiri analia. Akamwonea huruma. Msamaha ule wa miaka yote aliuhisi ukisogea, uko karibu kabisa kutoka, na akanyoosha mkono amshike bega.

Hapo ndipo alipoona midomo. Midomo ya Fundi ilikuwa inacheza. Ilikuwa inacheza kidogokidogo, bila sauti, kama inavyocheza anapojifunza mstari wa kukariri.

"Mwacheni amwone," Fundi alirudia polepole, kisha akafumbua macho. "Hiyo ni nzito sana. Na mvua ilikuwa inanyesha?"

Mama Mashuka aliuliza mvua gani.

"Siku ya maziko. Mchungaji anasema Alhamisi tutaanzia hapo, makaburini, halafu mimi ndiyo niingie. Na hii sehemu yote niiseme mimi, maana wewe ukiisema inachukua muda. Wewe utakuja mwishoni, nikishapiga magoti." Alikuwa anaongea kwa upole kabisa, kama mtu anayempa mkewe habari njema. "Mtu akisikia mvua anapata picha."

Mkono wa Mama Mashuka ulikuwa bado uko hewani. Aliurudisha mapajani. Alitaka kupiga kelele, alitaka kuipindua ile meza, lakini mwili ulikuwa mzito, na moyo ulikuwa unafanya kitu ambacho hakuwa amekitegemea: ulikuwa unafunga. Ulifunga kimyakimya, kama mtu anavyofunga duka lisilo na wateja.

Siku ya maziko ya mama yake jua lilikuwa kali mpaka wachimbaji walivua mashati. Udongo ulikuwa mkavu, wa vumbi, ukiutupa unapeperuka na kukurudia usoni. Alikuwa bado hajamweleza sehemu hiyo.

"Ilinyesha," alimwambia. "Ilinyesha tangu asubuhi."

"Kaburi liliingia maji?"

"Liliingia."

Fundi alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akafumba macho, midomo ikacheza. Kisha akauliza kingine. Akasema wewe umefika mlangoni, na viatu vyenye matope, mimi nakuuliza umetoka wapi, wewe unasema umetoka kumzika mama. Halafu mimi ninasema nini kabla sijakupiga? Maana lazima alisema kitu, na watu watataka kujua.

Alisema kitu. Alisema maneno mawili. Mkewe alikuwa amesimama kizingitini, siku tatu hajalala, amesema ametoka kumzika mama, na mumewe alimtazama kwa macho ya kilevi akasema, "Mama gani?" Kofi lilikuja baada ya hapo. Kofi lilimuua sikio, lakini yale maneno mawili ndiyo aliyobaki akiyasikia miaka yote kumi na moja, kwa sikio hilohilo lisilosikia kitu kingine. Ndiyo aliyotaka aulizwe. Ndiyo ambayo yangeombewa msamaha, kama msamaha ungekuja.

Alimtazama mumewe. Mtu msafi, mtu aliyeacha pombe, ameinamisha kichwa akisubiri neno lake.

"Hukusema kitu," alijibu.

"Hata neno moja?"

"Hata neno moja. Ulinyamaza tu."

Fundi alionekana kupungukiwa kidogo. Alikaa akifikiri, akasema basi si neno, pale ataona mwenyewe cha kuweka. Akamshika mkewe mkono, akaubana, akamshukuru. Alisema hajui kwa nini hawakukaa hivi siku zote hizi. Mama Mashuka aliinuka akaweka maji ya chai motoni.

Alhamisi, kituo cha mabasi kilikuwa kimejaa, kwa sababu habari za Jumanne zilikuwa zimetangulia. Fundi alianzia makaburini. Mvua ilinyesha, kaburi likaingia maji, mashangazi wakalia, kaka akasema mwacheni amwone. Alipofika mlangoni alisimama, akawatazama watu, akasema kwamba alimwambia mkewe, mama yako na aoze huko aliko. Watu wakashika vichwa. Wapiga debe waliacha kuita abiria. Akapiga magoti, safari hii juu ya kipande cha zulia ambacho fundi mitambo alikuwa amekitandika mapema, akauelekeza uso kwa watu, akaomba. Mama Mashuka aliuweka mkono wake juu ya kichwa cha mumewe bila kushikwa na mtu.

Mwanamke mmoja kijana, jicho moja limevimba, alisimama mstari wa mbele akimkodolea macho Mama Mashuka tu, hamtazami Fundi, kana kwamba kila kitu kinategemea atakachosema yeye. Maiki ikamfikia.

"Ni kweli," alisema Mama Mashuka, "Bwana asifiwe."

Akairudisha maiki, akasimama mahali pake akingoja Mchungaji afunge kwa sala, kwa sababu mashuka ya wodi mbili yalikuwa yakimsubiri na Redio alikuwa peke yake.